Ndiyo Tatu za Fundi Cheche

Mtaani walimwita Fundi Cheche, maana hakuwa na shati lisilo na matundu ya moto. Alikuwa mchomeleaji. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, vyote vilipita mikononi mwake, na watu walimsifu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kumkatalia mteja. Mteja akitaka geti la rangi tatu, ndiyo. Akilitaka kesho asubuhi, ndiyo. Mkewe alizoea kusema kwamba kama ndiyo zake zingekuwa vyuma, wangekwisha kujenga ghorofa.

Waliishi na shangazi yake Cheche. Mama huyu alikaa mapokezi ya hoteli kwa miaka thelathini, na Kiingereza alikizungumza kama maji. Mwaka uliopita aliumia mgongo. Miguu ikakosa nguvu, mikono na mdomo vikabaki vizima. Cheche alisema mdomo ndio uliozidi nguvu. Tangu hapo shangazi alitembelea kiti cha magurudumu.

Kila Jumanne alikwenda kliniki kufanya mazoezi ya viungo. Mlango wa kliniki ulikuwa juu ya ngazi tatu, hivyo wanaume wawili walimbeba pamoja na kiti chake. Siku hizo hakusema neno mpaka arudi nyumbani.

"Miaka thelathini nimewafungulia watu mlango," alimwambia mke wa Cheche siku moja. "Sasa mimi ndiye ninayepitishwa mlangoni kama mzigo."

Kwa hiyo kliniki ilipomwita Cheche atengeneze njia ya kupitisha viti vya magurudumu, nyumba nzima ilifurahi. Kazi ilikuwa ya Cheche, na njia ingekuwa ya shangazi.

Jumamosi akaenda kupima. Daktari wa mazoezi alikuwa mwanamke mgeni, mchangamfu, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Kwa Kiingereza cha polepole na kwa mikono, alimweleza anachotaka. Njia ianzie mlangoni, ishuke moja kwa moja, iishie kabla ya bustani yake ya maua.

Cheche akatoa futi yake. Kutoka mlangoni hadi chini, nusu mita. Kutoka mlangoni hadi kwenye maua, mita mbili tu. Mteremko huo ulikuwa mkali kama wa paa. Alikwisha kumsukuma shangazi kwenye miinuko mingi, na alijua jinsi kiti kinavyomrudia mtu kifuani.

Daktari akauliza kama jambo hilo linawezekana. "Yes, madam," akasema Cheche. Daktari akauliza kama fundi ana maoni yoyote. Swali alilielewa vizuri, lakini kukataa hakukujua. "Yes, madam," akasema, akatabasamu. Kisha daktari akauliza kama kazi ianze Jumatatu, na Cheche akaitoa ndiyo ya tatu.

Jioni hiyo alikula kichwa chini. Shangazi hakuwa mtu wa kufichwa kitu, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa ameyachimbua yote: nusu mita, mita mbili, na ndiyo zote tatu.

"Usihofu, shangazi," Cheche akasema. "Nimemkubalia tu. Akigeuka, naijenga ninavyojua mimi."

"Na maua yake?"

"Yataota mengine."

"Ukimkubalia usoni ukamgeuka kisogoni, atakuamini tena?"

Cheche akaomba basi shangazi akamwambie daktari yeye mwenyewe, maana Kiingereza anacho. Shangazi akatikisa kichwa. Kazi ni ya Cheche, akasema, na kazi haiendi bila mdomo wa mwenyewe. Siku akipata mteja mwingine wa Kiingereza, atambeba shangazi mgongoni?

Hapo Cheche akasema ukweli. "Naogopa. Nikimwambia amekosea, atanipokonya kazi. Nikinyamaza, utaanguka wewe."

"Nani kakwambia umwambie amekosea?" shangazi akauliza. "Mkeo akizidisha chumvi, unamwambiaje?"

"Nakula tu."

"Kumbe ndiyo maana naizidisha kila siku," akasema mkewe.

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaeleza. Mtu anaweza kusema chakula ni kizuri, ila naona chumvi imezidi, je, kesho tukipunguza kidogo? Hakuna aliyetukanwa, na chumvi inapungua. Adabu si kunyamaza. Kiingereza nacho kina adabu hiyo hiyo, kwa maneno yake.

"Taja wasiwasi wako, si kosa lake," akasema. "Anza na *I'm worried about*, yaani nina wasiwasi na kitu fulani, kisha ukitaje. Lakini usimwachie wasiwasi mikononi ukaenda zako. Mpe njia. Sema *What if we*, yaani je, tukifanya hivi? Sikiliza hiyo 'tu'. Inawaweka nyinyi wawili upande mmoja."

"Na yeye akinipa wazo lake?"

"Likikupendeza, *Good idea*, ni wazo zuri. Likikupendeza nusu, *Good idea, but*, kisha useme kilichobaki. Na usipoelewa, mwombe arudie. Hiyo *yes* yako usiifanye shimo la kujifichia."

Jumapili walifanya mazoezi uani. Shangazi akawa daktari, mke wa Cheche akawa bustani ya maua. Mara ya kwanza Cheche aliingia na kusema, "Your road is bad," yaani barabara yako ni mbaya.

"Hapo umeshafukuzwa," akasema shangazi. "Toka nje, uingie tena."

Aliingia mara tisa.

Jumatatu asubuhi Cheche alisimama mbele ya daktari, ametota jasho wakati jua halijapanda. "Madam," akasema, "I'm worried about the ramp." Hilo ndilo jina la njia ya namna hiyo, shangazi alimfundisha.

Tabasamu la daktari likatoweka. Cheche akajua kazi imekwenda. Lakini daktari aliuliza tu sababu. Maneno ya kueleza Cheche hakuwa nayo, basi akalaza mbao mbili za mita mbili kutoka mlangoni hadi chini. Akaweka juu yake kiti kitupu cha magurudumu cha kliniki, akakiachia. Kiti kilishuka mbio, kikaingia katikati ya maua na kulala ubavu.

"What if we turn?" Cheche akauliza. Kwa chaki akachora ukutani na chini. Njia ifuate ukuta mita tatu, ifike kwenye jukwaa la kupumzikia, igeuke, irudi mita tatu. Zote pamoja mita sita. Maua hayaguswi.

Daktari akaitazama michoro, kisha akacheka. Alisema kipimo alikijua: kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita kumi na mbili za urefu wa njia. Ila aliona uwanja hautoshi. Mwenyewe alikuwa na wasiwasi tangu Jumamosi. Lakini fundi alipokubali mara tatu, alijua basi fundi ndiye mwenye kujua.

Kumbe walikuwa wawili wenye hofu moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Daktari naye akaleta wazo. Vyuma vya kushikilia viwe viwili, kimoja cha chini kwa ajili ya watoto. "Good idea," akasema Cheche, na alimaanisha. Daktari akaomba kazi iishe Ijumaa. Ndiyo ya zamani ilipanda mpaka kwenye ulimi. Cheche akaimeza. "Good idea, but the paint," akasema, kisha akaeleza kwa mikono kwamba rangi ya kuzuia kutu lazima ikauke. Wakakubaliana iwe Jumatatu inayofuata. Alipokwenda kuchukua vyuma, Cheche alisimama nyuma ya kliniki akacheka peke yake kwa furaha. Wiki hiyo hata chumvi nyumbani ilipungua.

Jumanne, siku moja baada ya kazi kuisha, wanaume wawili walikuja kumbeba shangazi kama kawaida. Akawazuia kwa mkono. Akashika magurudumu yake, akaanza kupanda. Cheche alimfuata nyuma, mikono mbele, bila kumgusa. Kwenye jukwaa shangazi akapumzika, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akageuka, akaendelea.

Juu, daktari alinyoosha mkono amfungulie mlango. Shangazi akamwomba kwa Kiingereza chake cha mapokezi amwachie. Akaufungua mwenyewe. Kisha akamgeukia Cheche, ambaye bado alikuwa amenyoosha mikono.

"Bado una wasiwasi, mwanangu?"

"Hapana, shangazi," akasema Cheche.

Mkewe, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi, alisema hiyo ndiyo hapana ya kwanza kuisikia kwake tangu waoane.