Beseni la Waziri

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Elina alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza kufagia uwanja. Ya pili kuosha vyombo vya jana. Ya tatu ilikuwa mpya, na hakuna mtoto mwingine wa darasa la sita pale Somanda, Bariadi, aliyekuwa nayo: kusafisha choo cha paka.

Paka mwenyewe aliitwa Waziri. Alikuwa paka mzima wa miaka saba, mnene, wa rangi ya majivu, mwenye macho ya kufumba nusu kama mtu anayesomewa ripoti na hasikilizi. Maisha yake yote aliishi kwenye duka la vitenge la Bi Muzdalifa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hilali. Mwezi wa tano Mama Hilali alifunga duka ili ahamie Tanga kwa mwanawe. Safari ya siku nzima na zaidi kwenye basi, paka haiwezi. Elina akamlilia mama yake siku tatu, mama yake akambembeleza baba jioni moja, na Waziri akapata nyumba.

"Panya wanatafuna mbegu kwenye pamba yangu, kwa hiyo aje afanye kazi," alisema baba, Mzee Limbu. "Lakini hilo beseni ni la nini?"

"Ni choo chake," Mama Hilali alimjibu. "Msimtoe nje mwezi mzima. Mkimtoa atarudi dukani kwangu, na hapo katikati kuna lami na malori. Mpaka apazoee kwenu, atajisaidia humu. Elina, sikiliza mwanangu. Mchanga mkavu wa korongoni. Uchafu unautoa kila asubuhi, mchanga unaubadilisha kila siku ya tatu. Paka mzima ana heshima zake. Akikuta choo kichafu, atatafuta kingine."

"Sisi tunatoka na mvua kwenda nyuma ya nyumba," baba alisema, "yeye anawekewa chumbani. Kweli huyu ni Waziri."

Wiki ya kwanza Elina alifuata kila kitu. Wiki ya pili korongo likaanza kuwa mbali. Ndoo ya mchanga ilimuumiza shingo, na rafiki yake Maua alikuwa akimsubiri njiani huku akipiga miluzi ya kumharakisha. Na pale pale nyumbani, nje ya mlango wa stoo, kulikuwa na gunia la fifi. Fifi ni ile pamba chafu, yenye madoa na vipande vya majani, ambayo mkulima huitenga ili isiharibu pamba safi. Elina alichota fifi akajaza beseni. Ilikuwa laini, ilinyonya vizuri, na kuitupa shimoni ilikuwa kazi ya dakika moja.

"Paka wako analala gesti," Maua alisema alipoiona. "Mpaka godoro!"

Waziri aliinusa, akamtazama Elina muda mrefu kama anayeuliza, una uhakika? Akaparua mara mbili, akajisaidia. Baada ya siku tatu alikuwa anaikimbilia mwenyewe.

"Mchanga umeleta?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, mama."

Ulikuwa uongo mdogo, ukatoka bila kukwaruza koo. Kesho yake ulitoka kwa urahisi zaidi. Elina hakufikiria jambo moja: paka hajui tofauti ya fifi na pamba safi. Elimu hiyo anayo karani wa chama cha ushirika kinachonunua pamba. Paka anajua tu kile ambacho miguu yake imezoea kuparua.

Wiki ya tatu kulikuwa na mitihani. Elina alipitisha siku mbili bila kugusa beseni, kisha siku nne. Fifi ikalowa, ikanuka. Waziri alifika, akanusa, akarudi nyuma. Mlango wa stoo, uliokuwa humo humo ndani ya nyumba, ulikuwa na komeo bovu, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na mavuno ya mwaka mzima, meupe, makavu, yamefika karibu na dirisha. Kwa paka aliyefundishwa vile, kilikuwa choo kikubwa kuliko vyote Bariadi.

Alhamisi baba alijaza magunia, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaenda kuuza pamba kwenye chama cha msingi. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yake, karani Athanasi alizamisha mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa, akaunusa. Kisha gunia la pili.

"Mzee Limbu."

"Naam."

"Hii pamba mmeivuna au mmeiogesha?"

Watu wakasogea. Kila mtu pale alijua karani anasema nini. Kuna wakulima wanaomwagia pamba maji ili izidi kwenye mzani, na hakuna jina baya zaidi kwenye chama kuliko hilo.

"Mimi siloweshi pamba," baba alisema. "Unanijua miaka mingapi?"

"Namjua Limbu. Hii pamba siijui. Mbichi, na inanuka."

"Maji yameisha kijijini," mtu mmoja alipiga kelele kutoka kwenye foleni, "mzee ametumia ya kwake!"

Walicheka sana. Baba aligeuza ng'ombe mbele ya watu wote na kurudi na mzigo wake.

Elina alisikia mkokoteni ukirudi mapema na sauti ya mama ikiuliza, "Kimetokea nini, Baba Elina?" Alimsikia baba akienda moja kwa moja stoo, kisha ukelele. Waziri alikuwa amechuchumaa juu ya pamba iliyobaki, macho nusu, anafanya kazi yake.

Hapo Elina alikuwa na muda wa kusema ukweli. Badala yake alikimbia kwenye beseni, akamwaga fifi shimoni, akachota mchanga wa kando ya uzio, akausawazisha kwa kiganja. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi baba alipoingia.

"Elina, choo cha huyu kina nini?"

"Mchanga, baba."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Baba aliinama, akaona mchanga mkavu, msafi kabisa.

"Basi ana choo kizuri na bado anachagua pamba yangu," alisema. "Huyu hafundishiki. Kesho anaondoka."

Asubuhi walimtia kwenye kiroba. Baba alikipakata kwenye pikipiki, akampeleka Lagangabilili, mbali kiasi kwamba asingeweza kurudi, akamwachia sokoni penye wauza nafaka. "Kuna panya wengi," alisema aliporudi. Elina alikuwa amesimama mlangoni wakati wanaondoka. Waziri hakulia hata mara moja, mpaka injini ilipowashwa.

Siku tatu familia ilikaa kwenye turubai uwanjani ikichambua pamba, tonge moja moja: safi huku, yenye mkojo kule. Mama alikuwa akichambua mpaka mgongo unagoma, anasimama, anajinyoosha, anakaa tena. Rundo la kule lilikua haraka kuliko la huku.

Siku ya tatu simu ya mama ililia. Alikuwa Mama Hilali.

"Nipe huyo Elina. Elina, hujambo mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo Mama Hilali."

"Marahaba. Waziri wangu yuko wapi? Mwekee simu sikioni, ananijua sauti."

"Amelala," Elina alisema.

"Mvivu huyo! Na choo anaenda vizuri?"

Elina alitazama turubai. "Mama Hilali... paka anaweza tu kuamua kujisaidia kwenye pamba?"

"Pamba? Waziri? Miaka saba amezungukwa na majora ya vitambaa, hajawahi kuchafua hata kipande. Paka anakwenda pale alipofundishwa. Labda mtu amwekee pamba kwenye beseni, na ni nani mwenye akili atafanya hivyo? Mwamshe basi nimsikie."

"Nitakupigia," Elina alisema, akakata simu.

Alirudi kwenye turubai, akachukua tonge moja la pamba, akashindwa kuamua ni la huku au la kule. Ndipo akaanza kulia, na katika kulia akasema yote: korongo, gunia la fifi, siku nne za mitihani, mchanga wa kando ya uzio.

Mama aliweka mkono mdomoni. Elina alisubiri fimbo, na kwa kweli aliitaka. Baba alisimama, akapangusa nyuzi za pamba kwenye suruali.

"Vaa viatu," alisema. "Chukua na kiroba."

Walifika sokoni Lagangabilili mchana. Baba alimwendea mama muuza dagaa, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

"Tunatafuta paka wa majivu, mnene."

"Alikuwa mnene," mama yule alisema. "Paka gani huyo? Hajui kuiba, hajui kupigana. Mbwa wa machinjioni walimkuta kwenye takataka. Yuko chini ya meza yangu tangu juzi."

Waziri alikuwa amejibana ukutani. Sikio limechanika, jicho la kushoto limeziba kwa usaha. Elina alipiga magoti, akamwita kwa jina. Waziri alimtambua, ndiyo maana alirudi nyuma zaidi. Mwisho Mzee Limbu, na shati lake la kutokea, alilala kifudifudi kwenye magamba ya samaki akamvuta taratibu kwa ngozi ya shingo.

Afisa mifugo pale Bariadi alisafisha vidonda, akamchoma sindano, akatikisa kichwa. Jicho halikupona.

Kumrudisha Waziri kwenye mchanga kulichukua wiki mbili. Baba alitengeneza komeo la stoo. Mama alisugua sakafu ya stoo kwa sabuni na maji ya limau, hadi harufu ikaisha, maana paka hurudi panaponuka kwake. Waliliweka beseni kwenye kona tulivu, mbali na sahani yake ya chakula. Elina alileta mchanga wa korongoni, akatandaza fifi juu yake, kwa sababu Waziri sasa hakuujua mchanga. Kila siku fifi ilipunguzwa kidogo: leo konzi tatu, kesho mbili, mpaka ikabaki kama kofia ndogo katikati, mpaka ikaisha. Kila asubuhi alitoa uchafu na hakuruka hata siku moja. Siku ya kumi na nne Waziri aliparua mchanga mtupu, akajisaidia, akafukia. Pamba haikuguswa tena.

Elina alikwenda na baba kwenye chama, akamweleza karani Athanasi yote kwa kinywa chake mwenyewe. Karani alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Mimi nilikosea kumdhania mzee wangu, na ninamwomba radhi. Lakini wale waliocheka siku ile wametoka Itilima, wametoka Maswa. Hao hawapo hapa leo wakusikie."

Jioni hiyo Elina alimpigia Mama Hilali. Alipomaliza kusimulia, aliulizwa swali moja tu.

"Jicho lipi?" Mama Hilali aliuliza.

"La kushoto."

"Msimpeleke kwa mtu mwingine tena. Amehamishwa inatosha." Kisha akakata simu bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake hukaa nusu saa.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu, amesikia yote.

"Njoo ukae," alisema. "Mimi ndiye niliyembeba, na hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe sikiliza na lako. Ulichoka kwenda korongoni. Uvivu ule ulichafua pamba, na pamba tumechambua. Mgongo unauma, unapona. Siku ile nilipoingia chumbani nilikuuliza wewe, kwa sababu paka hana mdomo wa kujitetea. Ungesema 'baba, ni mimi', ningekasirika, pengine ningekuchapa, na jioni tungekula ugali pamoja. Ulisema 'siku zote'. Neno hilo ndilo lililomtoa jicho, Elina. Kosa unaweza kulifanya peke yako. Uongo lazima umtafute mtu wa kuulipa, na kwa kawaida ni yule asiyeweza kusema."

Baba alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Asubuhi Elina alikwenda korongoni kukiwa bado na baridi. Alirudi na ndoo, akabadilisha mchanga, akausawazisha vizuri. Waziri alikuja, akageuza kichwa ili amwone kwa jicho lililobaki, akakaa kando ya beseni. Alisubiri Elina atoke na mlango ufungwe. Elina alitoka, akaurudishia taratibu, na ndipo akasikia kule ndani miguu ikianza kuparua.