Aliyebaki Apande

Kiti cha pembeni mwa mama kilikuwa kimelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Dereva aligundua hilo waliposimama kunywa maji, mwendo mfupi baada ya magofu ya mji wa kale. Alikifuta kwa kitambaa huku akinung'unika, maana siku yenyewe ilikuwa imeshamchefua. Asubuhi pancha, kisha barabara ya pwani kufungwa kwa matengenezo, na sasa kiti.

Miaka yote alikuwa akiwapeleka wageni kwenye ile hifadhi ambako tembo hushuka hadi ufukweni, akiwasimulia mpaka koo linakauka, na mama yake mzazi hajawahi kukanyaga huko. Kila mwaka alisema mwakani. Sasa daktari alikuwa amesema macho ya mama yanazimika, yamebakiza vivuli tu, naye mama hakuomba kitu kingine, ila awaone tembo na bahari kwa pamoja. Ndiyo maana leo gari halikuwa na watalii. Nyuma alikaa mama peke yake, mbele mke wa dereva, na dereva kwenye usukani.

Kosa alilifanya pale magofuni, waliposimama kunyoosha miguu. Kabla ya kufunga mlango aliita, kama anavyoita kila siku ya kazi, "Aliyebaki apande, gari linaondoka." Mkewe alicheka, akamuuliza anamwita nani na wote wameshakaa. Mazoea tu, akajibu, akausukuma mlango. Ukagoma kidogo, kama vile mtu anapita, ndipo ukafunga.

Harufu ilianza taratibu. Chokaa mbichi, kisha mafuta ya taa, kisha nguo zilizokaa majini muda mrefu. Gari likawa zito, injini ikachemka kwenye kila kimlima, na dereva akamlaani fundi wake ambaye hakuwa na kosa lolote. Nyuma mama alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini na kucheka. Walipopita mji wa pili akasifia milango ya bluu na paka aliyelala dirishani ghorofani. Mke wa dereva aliinua macho. Paka alikuwepo.

"Mwanangu," mama akasema, "mkono wako mbona baridi hivi? Umekula kweli?"

Mke wa dereva alikuwa mbele, mikono yote miwili mapajani, na dereva alipotazama kioo alimwona mama yake ameegemea upande kwa raha zake, kiganja kimefumbata hewa, na ngozi ya kiganja hicho ikibonyea mahali pamoja, kisha pengine, kisha pengine tena, kama inavyobonyea mtu anapokushika na kukupapasa kwa vidole virefu kuliko vya binadamu, na mguu wake ukaitafuta breki ukaikosa mara ya kwanza.

Gari liliposimama aliuliza kwa mnong'ono, "Mama, umeshikana mkono na nani?"

"Si mkeo? Basi ni huyu mgeni wako. Anasema ulimwita."

Mkewe akamgeukia mumewe. "Baba Pacha," akasema, "ulichokipakia wewe, kishushe wewe."

Dereva akashuka, akafungua mlango, na akasema maneno anayosema kila mwisho wa safari: tumefika, shukeni wote. Mama akang'ang'ania kiti. "Usimshushe, baba'ngu. Nikimshika mkono naona." Dereva alikasirika mpaka machozi yakamlenga, akamkasirikia jini, na daktari, na zaidi nafsi yake na mwakani zake zote. Akarudia kwa ukali. Mama akashushwa na mkwewe, na nyayo zilizolowa zikaonekana kwenye lami, zikielekea kichakani. Wakapanda. Hakuna aliyeita mtu.

Hifadhini jua lilikuwa bado kali. Tembo walikuwepo, kundi zima, miguu ndani ya povu la mawimbi. Mama akasimama mlangoni mwa gari, uso ameuelekeza msituni.

"Wako wapi?"

Dereva akamshika mabega, akamgeuza. Akaanza kumweleza, yeye anayelipwa kusimulia, na hakupata la maana zaidi ya kwamba ni wakubwa na ni wengi. Mama akakipapasa kiti chake, akaketi. "Si neno. Turudi nyumbani. Umejitahidi."

Ile si neno ndiyo iliyommaliza. Akabaki ameushika mlango, hafungi.

"Usithubutu," mkewe akanong'ona.

Alisema polepole, kama mtu anayeomba. "Aliyebaki apande."

Harufu ya chokaa ikaja. Mama akageuza kichwa moja kwa moja kuelekea baharini, uso ukamchanua, akasema yule mdogo ana sikio lililochanika, na kweli lilikuwa limechanika. Dereva akacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha gari likainama kidogo upande wa mlango, likanyooka. Likainama tena, na tena, kiti kwa kiti, kama siku ambazo watalii wanajaa. Mama, macho yake kwa tembo, akajisogeza dirishani kuwapisha wageni.