Nguo ya Mzimu Katika Injini

Oili ilikuwa inapungua, na chini ya pikipiki hapakuwa na hata tone. Renatus, fundi wa ushirika wa Murusagamba, alikaza nati ya kumwagia oili, akaipangusa injini yote kwa kitambaa, pakavu. Kilichomsumbua ni harufu. Injini ilinuka pombe ya ndizi iliyochacha.

Vita vya Kagera vilikuwa vimemeza malori, vijana, na oili pia. Mkewe Speciose alikuwa karibu kujifungua, na mkunga alikwisha sema mtoto amekaa vibaya, lazima afikishwe hospitali ya Ngara. Pikipiki ilikuwa hiyo moja tu. Basi siku chache kabla, Renatus alikuwa ameimwaga oili chafu, akaichuja ili airudishe, akakuta chujio la injini limeoza. Akaenda kwenye mahame, makazi ya zamani waliyohamishwa ili waingie kijiji cha ujamaa. Kibanda cha mzimu wa mama mkwe wake kilikuwa bado kimesimama, hakijaonja pombe wala damu ya kuku tangu watu waondoke. Akaichana nguo ya gome la mti iliyoning'inia humo, akaizungusha kwenye waya wa chujio. Mwenye njaa hana miiko, na mjinga huyu hakufikiri kwamba mizimu nayo hushikwa na njaa.

Speciose alipojua, alilia kwa hofu, akamburuta hadi kwa mganga, Mzee Nshoma. Walimwamkia shikamoo, akaitikia huku akinusa mikono ya Renatus.

"Umemnywesha mzimu, sasa ameamka," alisema kwa sauti ya chini. "Irudishe nguo leo, na oili yake yote. Oili ikimwishia, atatafuta kingine."

"Nikitoa oili yote, mke wangu nitampeleka na nini?"

Renatus akaapa kwamba mtoto akishazaliwa atairudisha nguo.

Uchungu ulianza kesho yake mchana. Njiani alisimama kupima oili, kijiti kikatoka kikavu kabisa, na injini ilipaswa kugoma palepale, lakini alipoipiga teke iliwaka, ikavuta kama mpya, na kila Speciose alipogumia mgongoni kwake ilizidi kuvuta, huku mikono aliyomshikia kiunoni ikipoa, ikipoa, hata akaogopa kugeuka.

Hospitalini muuguzi Deodata alimtoa mtoto akiwa hai. Mama alikuwa amekwisha kufa.

"Alimwaga damu wapi?" muuguzi aliuliza kwa kunong'ona. "Khanga zake safi. Mwilini hamna hata tone."

Mtoto alikataa maziwa, akalia mpaka wagonjwa wakaziba masikio. Renatus alimtoa nje, na walipofika penye pikipiki mtoto akanyamaza, akaigeuzia uso. Baba alipiga magoti, akafungua nati. Kilichotoka kilikuwa chekundu, na bado cha vuguvugu. Alichovya kidole akimlilia Speciose, akampa mtoto, naye akanyonya kwa pupa.

Kidole kilitakata. Mtoto hakuacha kunyonya.