Magunia Sita ya Mbale

Jumamosi moja ya Agosti 1997, Swaib alikuwa akibishana na muuza viatu katika soko kuu la Jinja, akiapa kwamba kwa bei ile hata waziri angetembea peku, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Mbale, rudia. Jinja hapana pata wewe vizuri."

Aligeuka, kiatu mkononi. Sauti ile aliijua kuliko ya mama yake mzazi, lakini uso ndio kwanza auone.

"Wewe ndiyo Jinja?"

"Mimi ndiyo Jinja. Na wewe Mbale, mbona mwembamba hivi? Kwa redio unasikika kama mtu ya kilo mia."

"Ni njaa. Watu ya Jinja hawakaribishi mgeni."

"Nunua kiatu kwanza. Huyu mzee amechoka na wewe."

Nieleze kazi yao, usije ukadhani walikuwa majasusi. Ofisi za maji za miji mitano ya mashariki zilikuwa na mapatano. Kila asubuhi saa mbili watunza ghala walikutana kwenye redio ya kuitana, na kila mmoja alitaja amebakiwa na magunia mangapi ya shabu, ile dawa inayokamata tope na kulizamisha ili maji yabaki safi. Mwenye mengi alimpa aliyepungukiwa. Waliongea Kiswahili kwa kuwa askari mstaafu aliyewafundisha kutumia redio hakuwa na lugha nyingine ya kutolea amri. Hakuna aliyekwenda kuhesabu ghala la mwenzake. Ukisema ishirini, ni ishirini.

Walikunywa soda wamesimama. Juwairiya, hilo ndilo jina lake, alikuwa amevaa gurbaba ya zambarau, lile vazi la wanawake wa Kinubi, na kila alipocheka aliuvuta upindo wake mdomoni. Swaib, ndani ya suti ya kaunda iliyombana mabega, alikuwa akitokwa na jasho. Nusu saa ikapita kama dakika mbili. Kisha Juwairiya akanyanyua kifurushi cha sabuni.

"Mama ananingoja nyumbani, Mafubira. Anafua kanzu za watu ya msikiti. Bila sabuni hatanifungulia mlango."

"Tutaonana lini?"

"Kesho kutwa saa mbili. Kwa redio, Mbale."

Basi Swaib akakosa raha. Usiku halali, mchana anasahau funguo mlangoni. Kijana mwingine angepanda gari Jumapili akaenda kubisha hodi, lakini huyu alikuwa mwoga wa kawaida tu, na waoga wakipenda hutafuta njia ya mzunguko. Mapatano yalikuwa na kanuni moja: mtunza ghala wa mji unaotoa ndiye anayesindikiza lori hadi dawa iingie ndani. Na siku zile Jinja ndiyo iliyokuwa na mengi. Jumatatu moja, Juwairiya akaita redioni.

"Mbale, iko na ngapi?"

Ghala la Mbale lilikuwa na magunia arobaini.

"Sita," Swaib akasema.

"Sita tu? Pole sana, Mbale. Ngoja mimi naongea na mkubwa."

Mimi simtetei. Yale mengine aliyasogeza nyuma ya mabomba, akayafunika turubai.

Alhamisi lori likaingia na magunia thelathini, na Juwairiya akashuka, vumbi hadi kwenye kope. Walipomaliza kupakua wakaenda kula matoke na nyama jirani na mnara wa saa.

"Mkubwa yangu, Injinia Waiswa, alikataa," Juwairiya akamwambia. "Alisema mvua iko karibu, Jinja nayo itahitaji. Nikabishana na yeye mpaka akachoka. Nikamwambia, Swaib ya Mbale hawezi kusema sita kama si sita."

Swaib akaliweka tonge chini. Hapo ndipo angesema. Badala yake akamwongezea mchuzi, akamwita habibi kwa mara ya kwanza, na yule binti akavuta upindo mdomoni. Swaib alifurahi na aliona aibu kwa pamoja, na akachagua kufurahi.

Mvua ile ilikuja kweli, na haikuja kidogo. Oktoba na Novemba ilinyesha mpaka madaraja yakang'oka. Maji ya mto wa Mbale yakawa kama uji wa mtama, lakini Swaib alikuwa na dawa tele. Kule Jinja ziwa nalo likachafuka, tope na magugu yaliyooza yakafika hadi kwenye bomba la kuvutia maji, na malori ya dawa yakakwama mpakani kwa ajili ya barabara zilizoharibika.

"Jinja, sufuri," Juwairiya akasema asubuhi moja, sauti imenywea. "Nani anaweza kusaidia?"

Miji ikajibu mmoja mmoja kwamba haina. Ikafika zamu ya Mbale. Ghalani mlikuwa na magunia hamsini, lakini kwa hesabu aliyokuwa akiitangaza yalikuwa kumi na sita. Angetoaje ambayo hayapo?

"Mbale iko na kumi na sita. Haiwezi."

Mchana Juwairiya akapiga simu ya ofisini.

"Swaib, hapa si redio, ni mimi na wewe. Kweli hakuna?"

"Hakuna, mpenzi."

"Maji inatoka rangi ya chai. Mama alifua kanzu ishirini za Ijumaa, zote zimekuwa kahawia. Wanaume ya Mafubira wamesali kama watu wamegaagaa kwa matope. Watoto wanaumwa tumbo. Na kwa ofisi wanasema mimi nilipelekea mwanaume wangu dawa ya mji."

"Nani anasema?"

"Wote. Waiswa hasemi, lakini hanitazami tena."

Swaib akaweka simu chini, akaenda ghalani, akaketi juu ya turubai. Uwongo wa kwanza alijidanganya kuwa ni wa mapenzi. Huu wa pili haukuwa na jina zuri. Alikuwa amemwambia "mpenzi" huku amekalia dawa ya watoto wa mtaa wa huyo mpenzi. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, na kesho yake saa mbili redio ikaita kama kawaida.

"Mbale, iko na ngapi?"

"Hamsini," Swaib akasema.

"Rudia, Mbale."

"Hamsini. Siku ile nilisema sita, ilikuwa arobaini. Nilidanganya. Mbale haikukosa dawa. Mimi nilitaka Juwairiya aje. Yeye hakujua kitu. Miji yote, mimi naomba msamaha."

Redio ikakoroma tupu. Miji minne ilikuwa ikisikiliza. Hatimaye ikaja sauti ya Waiswa mwenyewe.

"Jinja imesikia. Leta lori leo."

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri likizunguka mashimo, na siku ya pili maji ya Jinja yakaanza kuwa safi tena. Swaib hakufukuzwa. Alinyang'anywa funguo, akapewa kazi ya kusoma mita mitaani, ambako watu walimwita Bwana Sita mbele ya wateja. Lakini adhabu kubwa haikuwa yake peke yake. Miji ikabadili mapatano: tangu sasa neno halitoshi, kila mwezi mtu wa mji mwingine ataingia ghalani kuhesabu. Wazee waliokuwa wakiaminiana tangu enzi za vita wakafunguliana milango na kukaguliana kama wezi. Kwa ghala la Mbale alichaguliwa Juwairiya, na Swaib akaamriwa asimame mlangoni wakati wa kuhesabu, kama shahidi.

Desemba Juwairiya alikuja, akahesabu, akaandika, akaondoka. Hakumsalimu. Januari ikawa hivyo hivyo. Februari alikuja na shela nyeusi, amekonda kidogo, na Swaib akainamia vidole vyake vya miguu kama mtoto aliyevunja chungu. Juwairiya akafungua daftari.

"Swaib. Iko ngapi?"

Swaib alikuwa ameyahesabu alfajiri kupitia dirishani, mara tatu.

"Sitini na mbili."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Usiandike," Swaib akasema. "Tafadhali. Hesabu."

"Mimi nimekuamini, na wewe unakataa?"

"Uliniamini siku ile, wakakutukana. Hesabu, Juwairiya. Mimi nangoja."

Akahesabu. Alikwenda hadi nyuma ya mabomba, akapanda juu ya safu, vumbi jeupe likimganda kwenye shela. Alichukua muda mrefu. Aliporudi mlangoni macho yalikuwa mekundu, na vumbi lile halikuwa sababu.

"Sitini na mbili," akasema. "Wewe ni mjinga sana. Ungeniandikia barua tu, ningekuja."

"Najua. Sasa najua."

"Unataka kunioa ama unataka kusoma mita?"

"Kuoa. Kama utakubali."

"Basi kwanza mwambie Mama yale uliambia redio."

Moto ukampanda Swaib masikioni. Kusema mbele ya chombo kisicho na macho ni jambo moja. Kumtazama Hajara, mama yake Juwairiya, usoni ni jambo lingine kabisa. Alikubali hata hivyo, na Jumapili akapanda gari mpaka Mafubira, mwenyewe, bila mjomba wala mshenga.

Hajara alimpokea uani, mikono kwenye beseni, hakumkaribisha kiti. Swaib akapiga magoti kwenye simenti iliyolowa, akasema yote: sita, arobaini, turubai, simu, hamsini. Alipofika kwenye kanzu akalia bila kujificha, mwanaume mzima. Hajara aliendelea kufua mpaka Swaib akanyamaza.

"Siku ile ya kusema sita," akauliza, "mtoto yangu ulikuwa umemuona mara ngapi?"

"Mara moja, Mama."

"Moja?"

"Kwa soko. Nusu saa."

Hajara akaugeukia ukuta upesi ili asionekane uso. Lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Juwairiya, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia, akajua kwamba mama yake anacheka.