Jino la Mke wa Balozi

Ndugu zangu wa Mtoni, na nyie wa mbali mtakaosikia, kaeni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Alfonsi, balozi wetu wa nyumba kumi. Mie nilikuwa jirani yao, tunapakana ukuta, kwa hiyo sina haja ya kutia chumvi.

Jumapili ile, mwaka wa sabini na tatu, tulikuwa na raha zetu. Tumekaa uani kwa balozi, mkewe Bernadeta anatugawia mihogo ya kuchemsha huku akitutania. Wiki hiyo alikuwa amezibwa jino zahanati, bure kabisa. Mara mumewe akasimama.

"Mama Fransis, hebu njoo. Fungua kinywa wakuone!"

Tukachungulia mmoja mmoja, kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani.

"Mnaona?" Alfonsi akasema. "Mkoloni angeling'oa tu. Sie tumeliziba, wala haliumi tena. Hayo ndiyo matunda ya Uhuru!"

Tukapiga makofi. Bernadeta alicheka, lakini mkono ulikuwa shavuni.

Maana jino lilikuwa bado linauma. Maji ya baridi yakiligusa, machozi yanamtoka. Na mganga wa meno alishamwambia wazi kwamba maumivu yasipokwisha, arudi haraka. Bernadeta akamweleza mumewe kwamba anataka kurudi.

"Urudi kufanya nini? Jino limezibwa, linaumaje?"

"Linapwita, Baba Fransis. Mpaka sikioni."

"Nimesimama mbele za watu nikasema umepona. Leo wakuone kwenye foleni tena, mie niitweje? Mwongo? Vumilia, litatulia."

Jamani! Mtu anaficha ugonjwa wa mkewe ili hotuba yake isiharibike!

Bernadeta akavumilia. Akawa anatafuna karafuu, anasukutua kwa maji ya chumvi, anajifunga kanga shavuni. Tukimwuliza hali, mumewe ndiye anayejibu: "Hajambo." Shavu lilipovimba, akasema ni matubwitubwi. Uvimbe ukashuka shingoni, mwanamke akawa hawezi kumeza hata uji.

Ndipo Mwanabaraka, jirani wa upande wa pili, alipoingia chumbani mle bila hodi. Akatoka anapiga kelele: "Balozi, una wazimu? Mkeo anakufa!"

Tukampakia kwenye gari lililokuwa likishusha mkaa. Alfonsi amempakata, anamsihi: "Nisamehe, mke wangu. Tunakwenda sasa, unaona? Tunakwenda." Bernadeta pumzi ilikuwa inapita kwa shida. Hospitalini daktari akatuambia usaha umeshashika koo, tumechelewa mno. Alikata roho kabla ya magharibi.

Msibani Alfonsi alimwambia kila aliyeingia: "Aliniambia linauma. Aliniambia." Watoto wake watatu walikaa mkekani wakimtazama. Ubalozi aliuacha mwenyewe, lakini kuuacha kungemrudishia mkewe?

FUNZO

Jino lililozibwa likiendelea kuuma, rudini kwa mganga. Kurudi si aibu, wala si kumtukana aliyeliziba. Na nyie waume, nyie viongozi, msiigeuze miili ya wake zenu kuwa mabango ya sifa zenu. Zahanati ile ilikuwa nzuri, na ingebaki nzuri hata kama Bernadeta angerudi. Mtu akikwambia anaumwa, usimjibu kwamba ulishatangaza amepona. Mshike mkono, mwende.