Uso wa Lydia

Kila siku baada ya masomo, Hester Ackroyd alikwenda shule ya sanaa ya mji wa Aldersby, akavaa aproni na kuketi katika darasa la Bwana Garrow. Bwana Garrow ndiye aliyechonga simba wa mawe wa benki na kondoo walio juu ya lango la soko la sufu. Viganja vyake vilijaa sugu, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akifoka.

Majira yale ya baridi alikuwa akifinyanga kwa udongo sanamu ya mwanamke aliyeshika kitabu. Baadaye angemchonga kwenye jiwe, juu ya mlango wa maktaba mpya. Uso aliufananisha na wa dada yake Lydia, aliyemfundisha kusoma utotoni.

Alhamisi moja alipata barua kwamba Lydia yu mahututi.

"Hester, wewe una mikono mitulivu," alisema huku akivaa koti. "Mpaka nirudi, lowesha vitambaa hivi kila jioni, uufunike uso. Udongo ukikauka kabla sijautoa nakala ya plasta, utapasuka, basi tena."

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu."

Siku hiyo alivilowesha. Ijumaa bwawa liliganda, na rafiki yake Ada akamngoja getini. "Twende tukateleze kwenye barafu! Kwani hilo dude lako lina miguu? Litakimbia?" Hester alicheka, akaenda. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa pia.

Jumatatu Bwana Garrow alirudi na utepe mweusi wa msiba umefungwa mkononi. Lydia alikuwa amezikwa. Alifunua vitambaa, akaona nyufa nyembamba kama nywele.

"Ulivilowesha kila siku?"

"Ndiyo, mwalimu. Kila siku." Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria.

Mwalimu hakumtilia shaka. Alinyunyiza maji kidogo kama kawaida, akaenda nyumbani kulala. Asubuhi iliyofuata uso ulikuwa sakafuni, vipande vipande.

Mkuu wa shule ya sanaa alimgeukia mzee Jabez, mtunza jengo. "Umekoka jiko la darasa kupita kiasi, udongo ukakauka!"

"Nimelikoka miaka kumi na tisa, bwana, na makaa ni yaleyale."

Hakusikilizwa. Aliambiwa Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho ya kazi.

Ijumaa hiyo Hester alimkuta akifunga birika lake na ndara zake kwenye gazeti. "Usinitazame hivyo, binti," mzee alitania. "Mtu atadhani nimekufa." Lakini kamba ilimshinda kufunga. Hester alimfungia fundo. Kisha akatoka mbio hadi darasani.

"Mwalimu, si jiko. Ni mimi. Nililowesha siku moja tu, halafu nikaenda kuteleza. Nilikudanganya."

Bwana Garrow aliweka patasi chini. Kisha akachukua kofia yake. "Twende kwa mkuu. Utayasema hayohayo mbele yake."

Aliyasema huku akilia. Mkuu alimwomba mzee Jabez radhi, na mzee akarudisha birika lake juu ya jiko. Hester alimwomba msamaha pia. "Umeniwahi mlangoni," mzee alimwambia.

Mwalimu alifinyanga uso upya mara tatu. Kila mara aliubomoa, kwa kuwa haukuwa wa Lydia. Mara ya nne aliuacha ulivyo, akauchonga kwenye jiwe.

Maktaba ilifunguliwa mwezi wa Mei. Watu walipiga makofi na kuisifu sanamu. Hester alimsogelea mwalimu wake.

"Anafanana naye?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Masikio, labda." Bwana Garrow aliitazama sanamu. "Jumatatu ile, Hester, ndani udongo ulikuwa bado na unyevu. Ungeniambia kwamba uso umekaa siku tatu bila maji, nisingekwenda kulala. Ningeuzungushia vitambaa vilivyorowa chapachapa, na huenda ningeuokoa."

Hester aliinamisha kichwa. "Nilidhani kosa langu ni kuteleza."

"Kuteleza ni utoto, na utoto nausamehe. Lakini mtu akikosea akasema mapema, wenzake hupata nafasi ya kutengeneza. Akidanganya, anawanyima nafasi hiyo. Ulisema kweli ukamwokoa Jabez, na kwa hilo najivunia kuwa mwalimu wako. Kwa uso wa Lydia, ulichelewa siku nne."

Alimshika bega, wakasimama pamoja wakimtazama mwanamke wa jiwe ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua.