Sita Iliyosimama kwa Kichwa

Saa ya kuona wagonjwa mlango wa hospitali ulifurika watu, na binti mmoja alikuwa amebeba mashuka hadi kidevuni, haoni mbele wala pembeni. Akamparamia mtu kifuani. Mashuka yote yakatapakaa chini.

"Jamani! Wewe huna macho?" binti akafoka.

"Ninayo mawili, na yote yalikuwa yanakutazama wewe. Ndiyo sababu sikukupisha."

Alipoinua uso, alikuta ni Besi, mpiga kinanda wa usharika wao wa Kilutheri, aliyepewa jina hilo kwa sauti yake nzito. Miaka mitatu alikuwa akimjua mgongo tu, maana kinanda chao kilielekea ukutani. Leo, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, aliuona uso. Loo! Ulikuwa uso wa kutazamwa kila asubuhi.

Binti mwenyewe alikuwa mshonaji. Katika kamati ya huruma ndiye aliyekusanya na kushona mashuka ya wagonjwa wasio na ndugu, akawaogesha na kuwakata kucha, hata watu wakamwita Dada Mashuka. Tangu siku hiyo ya kugongana, simu za Besi hazikukoma.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Usinichekeshe, nina pini mdomoni."

"Basi zitoe uniambie unanipenda."

"Zimenasa!"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mdomo wa Dada Mashuka ulikuwa mwepesi kwa utani, lakini neno zito likifika, unakwama. Besi alipopata barua ya kuitwa kufundisha chuo cha muziki mji wa mbali, akamwambia waziwazi, "Ukikubali nikuoe, nabaki. Ukikataa, naenda. Kukaa hapa nikikuona na mwingine siwezi. Jumatatu natuma jibu."

Dada Mashuka akasema, "Jibu langu utaliona ubaoni."

Katika usharika ule, aliyepanga namba za nyimbo ubaoni ndiye aliyechagua wimbo wa mwisho, na kazi hiyo ilikuwa ya Dada Mashuka. Wakakubaliana. Akiweka mia tisini na sita, ule wa ndoa, amekubali. Akiweka mia tisini na tisa, ule wa kuagana, basi safari njema.

Jumamosi mchana alitundika vibao vyake vya mbao: moja, tisa, sita. Alivipangusa vumbi huku akiuimba wimbo wenyewe. Kesho yake ilikuwa zamu yake wodini, hakuingia ibadani. Aliwaogesha wagonjwa, sikio likiwa kwenye simu. Kimya. Jioni akapiga mwenyewe, ikaita weee, haikupokelewa. Amebadili mawazo, alijiambia, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kanisani kuchukua mashuka stoo. Akamkuta mzee wa zamu anapanga viti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Jana mpiga kinanda alipiga wimbo wa mwisho mpaka akina mama wakatoa leso. Amefiwa?"

"Wimbo wa mwisho upi?"

"Si huo hapo ubaoni?"

Akageuka. Moja, tisa, tisa.

"Mungu wangu! Nani amegusa namba?"

"Kibao cha mwisho kilianguka nilipofungua dirisha, nikakirudisha. Miwani niliisahau nyumbani, lakini tisa naijua."

"Ilikuwa sita, mzee!"

"Sita na tisa si kitu kimoja? Tofauti ni kupinduka tu."

"Mzee wangu, umeniachanisha!"

Akakichomoa kibao msumarini, akapiga simu huku anakimbia. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Posta. Wa tatu kwenye foleni," Besi alijibu, sauti imepoa. "Jibu nimeliona, dada. Asante."

Dada! Neno hilo lilimchoma kuliko sindano zote alizowahi kujichoma.

"Usitume! Nakuja!"

Alifika anahema, kilemba kimeteleza hadi sikioni, gauni la kazini lina nyuzi za kila rangi. Besi alikuwa keshafika dirishani, bahasha mkononi, macho mekundu. Dada Mashuka akamnyooshea kibao.

"Kilianguka. Mzee akakigeuza. Niliweka sita."

Besi akakigeuza mara hii, mara ile. "Mimi nitajuaje? Hivi ni sita, hivi ni tisa."

Alikuwa na haki. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Hakukuwa na ubao tena wa kumsemea.

"Basi nisikie kwa mdomo wangu," akasema. "Nakupenda, Besi. Nataka unioe. Nilikubali tangu Jumamosi."

Besi akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia, akacheka, akajifuta macho kwa bahasha ileile.

"Jamani," mama mmoja nyuma yao akadakia, "mnatuma au hamtumi?"

"Hatutumi, mama," akajibu Dada Mashuka. "Pita tu."